Kukana Lionekanalo

Mwendo mfupi kutoka mji wa Kendu Bay liko ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima, ambalo maji yake ya magadi hayanyweki. Kila mtoto wa Karachuonyo hulelewa na hadithi yake. Husimuliwa kwamba zamani palikuwa na kijiji mahali pale. Usiku mmoja, watu wakiwa katika ngoma na pombe, alifika ajuza mchovu akaomba mahali pa kulala, nao wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia. Ajuza akamwonya aondoke pamoja na mumewe. Lakini mume alipopelekewa habari hiyo alikataa, akarudia kata yake ya pombe. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Wajuzi wa miamba hutuambia kwamba shimo lile ni kazi ya volkeno, nami siwapingi. Naisimulia hadithi kwa ajili ya yule mume. Hakufa kwa kukosa habari.

Nimemkumbuka mtu huyo mara nyingi, na mara moja nilimkumbuka kwa hasira. Ilikuwa mazishini, ambako desturi yetu huwapa waheshimiwa nafasi ya kusema hata kama marehemu hawakumjua. Mheshimiwa mmoja, ambaye sitamtaja jina, alisimama mbele ya waombolezaji ambao baadhi yao walikuwa wamehamishwa na maji huko Wang'chieng, karibu na mto Miriu. Akasema kwamba maneno ya mabadiliko ya tabianchi ni biashara ya wageni. Kwamba ziwa lilipanda pia zamani za wazee wetu na likashuka lenyewe. Kwamba mvua ni ya Mungu. Na kwamba, hata kama kuna kosa, si sisi tuliolitenda. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa mwalimu wa shule hapewi kipaza sauti siku kama hiyo. Sasa nimepata kalamu.

Kwa habari ya zamani za wazee, mheshimiwa alisema nusu ya kweli. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa kadiri ya mita 2 na nusu. Kipimo cha Jinja, mahali mto Nile unapotoka ziwani, kilifika mita 13.41 mwaka 1964. Nusu aliyoiacha ni hii: mwezi wa Mei 2020 kipimo hicho hicho kilifika mita 13.42. Aliacha pia mwaka 2006. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo, na ziwa lilikuwa limeshuka hata tukacheza mpira mahali ambapo wavuvi walizoea kufunga mitumbwi yao. Kutoka upungufu ule mpaka furiko kubwa kuliko lile la 1964 ilipita miaka 14 tu.

Hakuna mtaalamu akataaye kwamba ziwa lina desturi yake ya kupanda na kushuka. Lakini nyumba za nyasi ziliungua kwa radi kabla ya kiberiti kuletwa nchini. Je, mtu akikutwa nyuma ya nyumba inayowaka, kiberiti mkononi, tumwachilie kwa sababu radi zilikuwako zamani? Wataalamu walioyachunguza mafuriko ya 2020, na kutangaza matokeo yao mwaka 2024, hawakudai kwamba kila tone lililetwa na binadamu. Walisema, kwa tahadhari, kwamba joto lililoongezwa na binadamu lilifanya kupanda kwa haraka kwa namna ile kuwezekane zaidi kwa kadiri ya mara 1.8, na kwamba sentimita 7 hivi za kupanda huko zilitokana nalo. Mpinzani atacheka: sentimita 7 tu! Mtu wa Osodo hatacheka. Maji yakiwa yamekwisha kufika kizingitini, sentimita 7 ndizo tofauti kati ya kulala kitandani mwako na kulala katika darasa la shule pamoja na mbuzi na magunia.

Wala elimu hii si ya jana. John Tyndall, akiwa London, alipima mwaka 1859 jinsi hewa ya kaboni inavyozuia joto lisitoke. Svante Arrhenius wa Uswidi alihesabu mwaka 1896 jinsi dunia itakavyoongezeka joto hewa hiyo ikizidi. Wakati huo reli ilikuwa haijafika Kisumu. Hayo mashirika ya wageni anayoyasema mheshimiwa yalikuwa hayajazaliwa. Kabla ya viwanda, hewa ya kaboni ilikuwa kadiri ya sehemu 280 katika kila milioni. Mwaka 2024 zilikuwa zimepita 420. Hewa iliyozidi joto kwa nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7, na Ziwa Victoria hupata karibu sehemu 8 katika 10 za maji yake kutokana na mvua inayolinyea lenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuyaunganisha mambo haya bila msaada wangu.

Kuhusu Mungu sina maneno mengi. Kendu Bay ni mji wa misikiti na makanisa, na misheni ya Gendia iko hapa tangu 1906. Hatuhitaji mwanasiasa kutufundisha kusali. Naona tu kwamba mheshimiwa huyo hufunga mkanda anapopanda gari lake.

Neno lake la mwisho ndilo lililoniuma zaidi, kwa kuwa ni la kweli na alilitumia vibaya. Moshi wa Kenya haufiki sehemu 1 katika 100 ya moshi wa ulimwengu. Basi sisi ni wadai. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh nchini Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi kama yetu. Tarehe 23 Septemba 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akayaita mabadiliko haya ulaghai mkubwa kuliko wote uliopata kufanyiwa ulimwengu. Alikosea, lakini naelewa faida yake: nchi yake ni miongoni mwa zilizotoa moshi mwingi kabisa, na mdeni kukana deni si ajabu. Ajabu ni mdai anayesimama kando ya kaburi, maji yakiwa kwenye mashamba ya watu wake, akaapa kwamba hadai kitu.

Na kukana hakukomi vijijini. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwakaribisha viongozi wa Afrika mjini Nairobi kuzungumzia tabianchi, na maneno yake yalikuwa mazuri. Oktoba akatangaza kwamba El Nino iliyotabiriwa haingekuja, hata Idara ya Hali ya Hewa ikalazimika kueleza kwamba mvua kubwa zilikuwa bado zinatarajiwa. Novemba zikaja, hasa kaskazini na pwani, na kabla ya mwaka kwisha waliokufa walikuwa wamezidi 100. Sisemi kwamba alikusudia madhara. Nasema kwamba mzazi aliyesikia neno la Rais hakuwa na sababu ya kuhamisha watoto.

Baadhi yenu mnaosoma kurasa hizi mtapiga kura Agosti 2027, na yule mheshimiwa wa mazishini atakuja tena. Msishindane naye kwa habari za Tyndall. Mwulizeni matuta ya mto Miriu yatainuliwa lini, na kwa kimo gani. Mwulizeni fedha za kaunti zilizotengwa kwa jambo hili zimejenga nini, mahali gani. Na akianza kusimulia habari za 1964, mwacheni amalize, kisha mwulizeni kipimo cha Jinja kilisoma mita ngapi mwezi wa Mei 2020.