Bibi Hakujiunga, Mbona Anakatwa?

Zamani gazeti au jarida lilikungoja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha Al-Islah kule Mombasa mwaka 1932, aliyelitaka alilitafuta, aliyechoka aliliacha. Kuacha hakukuhitaji maelekezo. Siku hizi jarida linamfuata mzee mpaka mfukoni, tena linajikatia malipo lenyewe.

Shika simu ya bibi yangu kule Gazi, kabambe ya vibonye vilivyofutika herufi. Kila siku anatumiwa dua, matokeo ya mpira wa Uingereza, siri za mapenzi na nyota za leo. Bibi hajui hata Arsenal ni mtu ama dawa. Kila ujumbe unamkata kredo. Nikimuuliza alijiunga lini, ananiambia, "Mjukuu wangu, mimi nilibonyeza tu kile kitu kiniondokee machoni."

Eti hiyo ndiyo ridhaa. Hapana. Hiyo ni kumvizia mtu.

Tupige hesabu. Tuseme kila ujumbe ni shilingi 5 tu. Huduma nne ni 20 kwa siku, 600 kwa mwezi. Pesa ya Inua Jamii, ile ya wazee wa miaka 70 na zaidi, ni 2,000 kwa mwezi. Karibu thuluthi inakwenda kwenye nyota na mpira.

Wapo watakaosema wazee wajifunze teknolojia. Wajifunze nini hasa? Kuingia ni kubonyeza mara moja. Kutoka ni kuandika STOP, neno la Kiingereza, kwa namba ya tarakimu tano, na kila huduma ina namba yake. Aliyetengeneza mlango wa namna hiyo alijua anachofanya. Gazi hakuna wajinga. Ni kijiji kilichoanza mradi wa kuuza hewa ukaa ya mikoko mwaka 2013, na pesa zake zikasaidia maji na shule. Watu walioelewa biashara hiyo hawashindwi kujitoa kwenye ujumbe, mradi waambiwe kwa lugha yao.

Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na familia na serikali. Kwa hiyo serikali ifanye yake: mtu asikatwe hata senti mpaka akubali kwa lugha anayoielewa, na kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga.

Nanyi wajukuu mnaosambaza kredo ya mia kila Ijumaa mkadhani mmemaliza, mnajaza mtungi uliotoboka. Idd hii, kabla ya picha za Diani, kaeni na mzee, msomeeni ujumbe mmoja mmoja, mkiuliza: huu unautaka? Dua akiitaka mwachieni, ni yake. Mengine yote, tumeni STOP.