"Unafanya Kazi Gani?" Si Swali Dogo

Vijana wa Kapata, hesabu ya mwisho ya raia wote nchini ilifanywa 1984. Tangu hapo wanatukisia kwa uchunguzi. Mwenye fomu anafika: unafanya kazi gani? Mama anayeosha mawe asubuhi na kuuza makala jioni anajibu: "Najidebruye." Ataandikwa nini? Mchuuzi? Asiye na kazi? Mchimbaji asiye na karte atajiita mkulima, ju sheria ya migodi inadai karte. Na hesabu hiyo njo wanapangia miradi!

Tunadai waulize: wiki hii ulifanya nini, nani alikulipa, kazi ya pili ni ipi? Jibu liandikwe kwa maneno yetu. Watu wawili walipange kila mmoja peke yake. Wakipishana mara nyingi, takwimu isitangazwe.