Deni Lisilongoja Ajira

Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya mwaka wa 1995 inamtaka mhitimu aanze kulipa mkopo katika muda wa mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo. Haiulizi iwapo amepata kazi. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mwenye mshahara hukatwa na mwajiri wake. Faini basi humwelemea hasa asiye na ajira. Dawa ya deni ni kulipa, na fedha zinazorejeshwa hukopeshwa wanafunzi wanaofuata. Hata hivyo, ng'ombe hakamwi kabla ya kuzaa. Wabunge hawana budi kuirekebisha sheria hii: muda wa kulipa uhesabiwe tangu mshahara wa kwanza.