Staa Achinja Redio ya Marehemu Baba, Kisa Umeme!

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti redio kaseti ya marehemu baba yake ikiwa imetolewa utumbo wote na kuwekewa bluetooth. Eti "ilishakufa". Nani kaipima? Fundi wake aliichomeka ukutani, haikuwaka, basi akashika bisibisi. Hata betri hakuweka!

Redio ile inakula betri kubwa nane, yaani volti 12. Ikiimba kwa betri na kugoma kwa umeme, ubovu hauko kwenye deki wala spika. Uko kwenye waya, fyuzi, transfoma, dayodi, au ile swichi ndogo iliyo ndani ya tundu la waya, inayokata betri ukichomeka umeme. Hiyo ikishika kutu tu, redio kimya. Ikigoma kote kote, springi za betri ziliangaliwa? Na kama ni ya Japani, kule umeme ni volti 100, hapa 230. Ukichomeka hivi hivi, muuaji ni wewe.

Sasa deki iko jalalani, watu wanamwaga makopakopa. Dada yake tu ndiye kauliza: "Na kanda alizorekodi baba akiimba, tutazisikilizia wapi?"

Mpaka sasa staa hajamjibu.