Kabla mshikaji hajapanda basi la Mbagala

Najua wewe uliyeko Dar umekaa hapo na gazeti lako, feni inakupuliza, unajiuliza wikiendi hii uende wapi. Coco Beach watu wamejaa kama sikukuu, na mfukoni kumekauka. Pole sana. Sisi huku Kilwa Masoko hatuna Coco, sinema hatuna, na disko la maana mpaka atokee mtu wa kuoa. Lakini kipupwe hiki nimeponda raha ile mbaya, na leo nataka nikusimulie. Ila nakuonya mapema, ndani yake kuna huzuni kidogo.

Kipupwe ndio wakati wetu. Masika imeshapita, kusi inavuma, jioni unavaa sweta (usicheke, kweli unavaa). Kule Ulaya ndio kiangazi chao, kwa hiyo wageni nao wanatia timu na makamera yao. Na kijiwe chetu kilicho chini ya mwarobaini kinakuwa na watu tangu saa kumi.

Tuko wanne. Mimi mwandishi wako, asiye na ajira wala aibu. Jamaa mmoja wa bodaboda. Dada mmoja fundi cherehani, mkali wa mdomo kuliko sisi wote. Na mshikaji wangu tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tano mpaka kidato cha nne. Huyu jina lake kapuni, maana mama yake anasoma gazeti hili.

Sasa mshikaji alikuja kijiweni mwanzoni mwa Agosti, akakaa kimya, akachora chora chini kwa kijiti. Halafu akasema, "Wanangu, mwisho wa mwezi nakwenda Dar. Bro ameniitia Kariakoo, nikauze naye nguo."

Sikushangaa. Nusu ya darasa letu iko huko. Si unajua hata jina la machinga wengi wanasema limetoka kwetu, kwa kabila la Wamachinga wa Lindi? Vijana wa pwani hii walitangulia kutembeza bidhaa barabarani mpaka jina lao likawa jina la kazi. Sasa hata Mchaga akibeba soksi begani anaitwa machinga. Kwa hiyo mshikaji anakwenda kwenye kazi iliyopewa jina la nyumbani, tutamzuiaje?

Dada fundi ndiye aliyesema. "Una Jumamosi ngapi zimebaki?" Tukahesabu. Tatu. "Basi hizo tatu ni zetu. Mambo ya kuaga mtu kwa soda moja stendi mimi sitaki."

Jumamosi ya kwanza tukaenda Lindi. Bibi yake dada fundi anakaa mbele ya Mingoyo, na Agosti ni msimu wa ming'oko. Kama wewe ni wa mjini hujui ming'oko, nikueleze. Ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole vya mtu mzee, vinaota vyenyewe, hakuna anayepanda. Kipupwe mmea wake unakauka, inabaki kamba nyembamba imejisokota kwenye vichaka. Kazi yako ni kuiona hiyo kamba, kuifuata mpaka ardhini, na kuanza kuchimba.

Nilidhani ni dakika tano. Thubutu! Kiazi kinapita katikati ya mizizi ya miti, kinakata kona, kinazama. Jamaa wa bodaboda alilala kifudifudi, mkono umezama mpaka begani, anatukana kimoyomoyo kwa sababu bibi alikuwa karibu. Mimi kila nilichokamata kilikatika. Mshikaji ndiye aliyekuwa na mkono, anachimba taratibu kama daktari anayefanya operesheni. Bibi akamtazama, akasema, "Huyu mjukuu wangu ana subira, huyu aoe huku huku." Dada fundi akaangalia pembeni. Mimi nikaliona hilo, nikakaa nalo.

Bibi hakutaka tuache mashimo wazi. Kile kichwa cha juu cha mmea unakirudisha, unafukia, ili mwakani uje ukute kingine. Alitusimamia shimo moja moja kama mwalimu wa zamu. Kisha akachemsha kwa chumvi mpaka maji yakakaukia sufuriani, tukamenya kwa vidole, tukala na pilipili tumekaa kwenye mkeka. Hakuna baga ya Masaki inayofikia pale, na mimi baga za Masaki nimezila (nilinunuliwa, lakini nimezila).

Usiku tukalala Lindi mjini. Lindi ukikaa dakika kumi utasimuliwa habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye Wajerumani walimchimba kati ya mwaka 1909 na 1913, vijana wa huku wakabeba mifupa kichwani mpaka bandarini, leo amesimama makumbusho ya Berlin na urefu wake wa mita 13 na ushei. Jamaa wa bodaboda akasema, "Kumbe kutoka Lindi kwenda kutafuta maisha kulianza zamani, hata mjusi alikwenda." Tukacheka mpaka mlinzi wa gesti akatugongea.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonipa soo. Tulivuka Kilwa Kisiwani.

Msomaji, nitakiri. Mimi nimezaliwa Masoko, kisiwa nakiona kila siku nikipiga mswaki, nilishavuka mara moja tu na shule, tena nilikuwa nawaza wali wa mchana. Dada fundi alishavuka kwa msiba. Hao wengine wawili hawajawahi kabisa. Watu wanatoka Ujerumani na Japani kuja kuona magofu haya, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, sisi tunayaona kama jirani aliyenuna.

Tukachukua kibali Masoko (mwananchi analipa nafuu, usiogope), tukapanda mashua. Kusi haikuwa na huruma, maji yakaruka mpaka ndani na mshikaji akashika ubao kwa mikono miwili. Nahodha akamuuliza, "Wewe mtoto wa pwani kweli?"

Kisiwani tuliungana na kikundi cha wageni, Wazungu wanne na kijana wa kisiwani anayewatembeza. Tukapita Gereza, tukaingia Msikiti Mkuu. Mle ndani nilinyamaza. Sehemu yake ya zamani zaidi ni ya karne ya 11, halafu ile kubwa yenye matao na kuba ni ya karne ya 14. Mawe ya matumbawe na chokaa, hakuna saruji, na bado yamesimama. Upepo wa bahari unapita kwenye matao, unasikia kama mtu anavuta pumzi.

Yule kijana akauliza kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili: ni msafiri gani maarufu aliyefika hapa mwaka 1331? Kimya. Mimi nikazuga nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Msichana mmoja wa Kizungu, hata miaka 20 sidhani kama ametimiza, akajibu: Ibn Battuta, kutoka Morocco. Tena akaongeza kwamba aliusifu huu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote aliyoiona, na Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alisifika kwa ukarimu.

Dada fundi akaninong'oneza, "Na wewe ni mwandishi." Ee bwana, niliona noma.

Tukaenda mpaka Husuni Kubwa, jumba la huyo huyo Sultani, liko juu ya jabali linatazama bahari. Vyumba zaidi ya mia moja, na birika la kuogea la pembe nane. Jamaa wa bodaboda akaingia ndani ya birika, akakaa, akafumba macho, akasema yeye sasa Sultani na abiria wote walipe wenyewe. Yule kijana akatueleza kwamba hela za shaba zilizopigwa hapa zimeokotwa mpaka Zimbabwe Kuu, na nyingine zilikutwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Watu wa Kilwa walikuwa na biashara hiyo, dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwao, na hawakuhitaji kwenda Kariakoo.

Halafu akatoa hadithi iliyomgusa mshikaji. Katika habari za kale za Kilwa inasemwa kwamba Ali bin al-Hasan alipofika na jahazi zake kutoka Shirazi, kisiwa kilikuwa na mwenyewe, chifu wa bara. Akakinunua kwa nguo: nguo za kutosha kuzungusha kisiwa kizima. Chifu akabeba nguo zake akavuka. Baadaye akajuta, akataka kurudi kwa ubaya, lakini wale wageni walikuwa wameshachimba ule mkondo, maji yakawa mengi, hakuna tena kuvuka kwa miguu.

Mshikaji akakaa juu ya ukuta. "Kwa hiyo," akasema, "huyo chifu aliondoka kwao kwa sababu ya nguo, na aliporudi akakuta maji."

Hakuna aliyecheka. Jamaa wa bodaboda akatafuta utani, akaukosa.

Na hapa msomaji inabidi nikwambie kitu ambacho hata washikaji sikuwa nimewaambia. Mimi Dar nimekaa miaka miwili. Niliporudi niliwaambia nimechoka na foleni. Uongo. Tajiri mmoja, naye jina kapuni, nilimuuzia duka lake miezi saba akanilipa mitatu. Chumba Mbagala tulilala sita, kwa zamu. Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara wakapangiwa maeneo, mzigo niliokuwa nimeuanzisha mwenyewe nikaumalizia kwa bei ya kutupa. Na katika miaka miwili, jiji lililo baharini, bahari niliiona labda mara nne. Wakati wote mshikaji ananipigia simu, "Mwanangu, huko vipi?" nami najibu, "Huku bomba."

Sasa pale juu ya ukuta nilitaka kumwambia. Mdomo ukafunguka. Nikaona nikimwambia atabaki, na akibaki mama yake atanitazama mimi, na mimi sina kazi ya kumpa. Nikanyamaza.

Tukarudi kijijini kusubiri mashua. Chini ya mti wazee wanacheza bao. Tukatoa shikamoo zetu, wakaitikia bila kuinua macho, mchezo ulikuwa umenoga. Mshikaji ndiye bingwa wa kijiwe chetu, basi akaomba nafasi. Babu mmoja akamkaribisha. Kete 64, mashimo 32, kila mtu kete 22 mkononi za kuanzia kunamua. Mshikaji akaingia kwa kasi, anakula mfululizo, sisi tunashangilia. Babu yeye anaweka kete moja, anakohoa, anaweka nyingine. Nyumba ya mshikaji ikaliwa hivi hivi tunaona. Dakika chache mbele hana kitu.

"Mwanangu," babu akasema, "unacheza kama mtu anayewahi basi."

Hapo ndipo tulipocheka, mpaka babu naye akacheka bila kujua kwa nini.

Kwenye mashua, jua linazama nyuma ya Masoko, nikasogea kwa mshikaji nikamwambia yote. Miezi saba, mitatu, chumba cha watu sita. Sikumwambia asiende. Nikamwambia tu mshahara wako kwa bro mwandikiane, hata kama ni ndugu, na hela ya nauli ya kurudi uiweke mahali usipoijua hata mwenyewe. Akaniangalia muda mrefu. "Kumbe ulikuwa unaniambia huku bomba." Nikasema ndiyo. Akanirushia maji ya bahari usoni, akayarusha tena. Nadhani ndiyo ilikuwa msamaha.

Jumamosi ya tatu hatukwenda mbali. Jimbiza, mchangani, pweza wa kuchoma na ndimu, na mpira wa watoto tulioingilia tukafungwa. Dada fundi alikuja na shati aliloshona mwenyewe, vipimo alivitoa wapi sijui, akampa mshikaji akasema ni la kuuza likikosa mteja avae. Mimi na jamaa wa bodaboda tukaona tuna shughuli ya haraka ya kwenda kununua maji.

Jumatatu alfajiri tukamsindikiza stendi. Mama yake alikuwa na wasiwasi na barabara. Tangu Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata njia kule Somanga, kila basi likichelewa yeye hali. Tukamtuliza. Tukamwambia kaka zetu walikuwa wanavuka Rufiji kwa pantoni, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na walifika. Basi likaondoka, taa nyekundu zikakata kona ya kuelekea Nangurukuru.

Kijiwe sasa ni cha watu watatu. Jumamosi iliyopita bamvua ilikuwa kubwa, maji yakatoka mbali, tukatembea kwa miguu Masoko Pwani, kina mama wako miambani na vijiti vyao vya pweza. Simu ikalia. Ujumbe wa mshikaji.

"Huku watu hawatembei, wanakimbia. Shati sijaliuza. Leo mmekwenda wapi?"

Dada fundi aliichukua simu yangu akajibu yeye. Alichoandika alikifuta kabla ya kunirudishia, na salio langu lilikuwa limepungua sana.

Haya, tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.