Homa ya Ini: Adui Aliyelala



Mwezi uliopita tulitembelewa na mama mmoja wa Mbagala, mja mzito wa miezi mitano. Kliniki walimpima damu wakakuta virusi vya homa ya ini aina ya B. Alikuwa akilia. "Dada, mume wangu ananiuliza nimevitoa wapi. Miaka saba ya ndoa sijatoka nje, na wala siumwi."

Tulimwamini, na sababu tunayo. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili hushinda. Hata watu 5 katika 100 hawafiki wanaobaki navyo. Lakini katika watoto wachanga 100 walioambukizwa, kama 90 hubaki navyo maisha. Chanjo yake iliingia katika chanjo za watoto nchini mwetu mwaka 2002, na mama huyu alizaliwa kabla ya hapo. Huenda alivipata siku ya kuzaliwa, vikalala.

Vinalalaje? Kirusi hiki huingia hadi kwenye kiini cha chembe ya ini na kuacha humo pete ndogo ya vinasaba. Chembe huizungushia pete hiyo protini na kuitia alama ndogo ndogo. Fikirini kanga iliyokunjwa sandukuni: maneno yake yapo, ila hayasomeki. Pete ikikazwa, virusi vipya havitengenezwi. Ikilegezwa, vinaanza tena. Mwaka 2016 wanasayansi walieleza kwamba chembe zetu zina mlinzi anayeifunga pete hiyo, na kirusi nacho hutengeneza protini iitwayo X ya kumwangamiza mlinzi huyo. Ndiyo vita inayoendelea kimya kimya ndani ya mtu asiyesikia hata homa.

Kwa hiyo, mama, mambo haya tuyashike:

Kwanza, usiache dawa kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri. Dawa kama tenofova huzuia virusi kuzaliana, lakini pete haiiondoi. Ukiacha bila daktari, kanga inakunjuliwa, na ini laweza kuharibika vibaya.

Pili, ukiandikiwa dawa za saratani au za kupunguza kinga ya mwili, mwambie daktari mapema kwamba una virusi hivi. Vyaweza kuamka.

Tatu, usikubali kwamba kwa kuwa huumwi hauna haja ya kliniki. Ini huweza kusinyaa au kupata saratani pasipo dalili za mapema.

Nne, mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ulizeni mapema mtakapojifungulia kama ipo. Kisha asikose zile za wiki ya 6, 10 na 14. Kunyonyesha si kosa.

Tano, sahani, kikombe na kukumbatiana havina hatia. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Mume na watoto wapimwe, na asiye na kinga achanjwe.

Tulimwomba mama yule arudi na mumewe. Jumamosi walikuja wawili. Baba alitusikiliza hadi mwisho, hakusema mengi. Kisha akakunja mkono wa shati na kutuuliza, "Na mimi mtanipima leo?"

Hadi mwezi ujao, Mungu azilinde nyumba zenu.