NANI ANASHIKA UFUNGUO WA SANDUKU?

Wandugu wa kazi na wa muji,

Katika depo ya kompani, sheria ni moja: mutu anayetoa mali si yeye anayehesabu mali iliyobaki. Karani mumoja akishika ufunguo na kitabu pia, siku moja mali itapotea na hakuna atakayejua. Ndivyo ilivyo na feza ya inchi.

Bajeti ni kitabu ambamo Serikali inaandika kila mwaka feza itakayoingia na feza itakayotoka. Mahali Raisi anapotawala kwa nguvu nyingi, yeye na mawaziri wake wanatumia. Kazi ya Bunge ni kukubali au kukataa, kisha kuhesabu. Bunge lisipohesabu, ufunguo na kitabu viko mukononi mwa mutu mumoja.

Sisi Wakongo tulionja uchungu wake. Tarehe 1 Januari 1967 Serikali ilitwaa mali ya Union Minière. Baba zetu waliambiwa: shaba ni yenu. Lakini mwaka ule ule Katiba mupya ilitia nguvu kubwa mukononi mwa Raisi Mobutu, na mwaka 1974 zikazidishwa. Chama kilikuwa kimoja tu. Nani angeuliza hesabu? Mwaka 1978 Erwin Blumenthal, mutu wa Ujerumani, alitumwa kusimamia kazi katika Banki ya inchi. Mwaka 1982 aliandika kwamba wenye kukopesha wasitumaini kurudishiwa feza yao. Shaba ilitoka kwa jasho letu. Deni likabaki kwetu.

Katiba ya 2006 imeandika vizuri. Serikali ilete bajeti Bungeni kabla 15 Septemba haijapita. Kila mwaka Korti ya Hesabu ipeleke hesabu Bungeni. Na kifungu cha 175 kinasema: 40 kwa 100 ya mapato ya inchi ni ya majimbo, nayo ikatwe palepale inapopatikana. Lakini feza inapanda Kinshasa kwanza, na inayorudi inachelewa, tena haitimii.

Wandugu, franka moja ikikosa kwa karatasi ya mushahara, tunapiga kelele mbele ya dirisha. Mbona kwa sanduku la inchi tunanyamaza? Mujumbe wa Bunge akija kuomba kura, tusimuulize atatuletea nini. Tumuulize: ulihesabu nini?

Raisi akiwa mwema, hesabu itamusaidia yeye. Akiwa mubaya, itatusaidia sisi.